Pilipili Yangu ya Kutisha

Jumapili, 15 Septemba

Pilipili zimeingia leo, magunia mawili, moja la pilipili kichaa na moja la pilipili mbuzi, na nyumba nzima inapiga chafya. Ndiyo maana naanza kuandika. Mwaka jana nilipika pilipili ya soseji za sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya yetu ya kanisani. Watu walilia, wakaomba tena, na mpaka leo nikipita mtaa wa Mtendeni kuna mtu ananionyesha kidole: huyo ndiye mama wa ile pilipili. Lakini nilipoulizwa nimeipikaje, sikukumbuka vizuri. Mwaka huu nitaandika kila kitu, maana sifa isiyoandikwa huibiwa.

Kwa atakayesoma: mimi ni Leonia, Mama Benja, mke wa Anton muuza nyama, hapa mjini, kata ya Cheyo. Anton anatengeneza soseji za ng'ombe, si nguruwe, ili majirani zetu Waislamu nao wale. Soseji zake ni nzuri, sisemi uongo. Ila soseji bila pilipili yangu ni nyama iliyovaa soksi.

Magunia yameletwa na mama mkwe wangu, mama Gaudensia, kutoka Puge. Naye amekuja kukaa. Anton anasema ni kwa ajili ya macho, aangaliwe na daktari. Macho yake ni mekundu kweli, na yalikuwa mekundu tangu siku niliyoolewa, kwa moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku alikofanya kazi ujanani kule Urambo. Nimeuliza atakaa mpaka lini. Anton amesema, "Atakaa." Hilo si jibu, lakini nilikuwa na pilipili za kuanika.

Jumanne, 17 Septemba

Jua. Vumbi. Pilipili ziko kwenye mkeka.

Ijumaa, 20 Septemba

Mama mkwe hali pilipili! Nimeolewa miaka yote hii na leo ndiyo najua. Amekula ugali kwa nsansa, mboga zetu za majani makavu, akasukuma kibakuli changu pembeni taratibu, kama mtu anayemsogeza paka. Nimeumia kidogo. Hata hivyo, kutwa nzima anageuza pilipili kwenye mkeka bila kuombwa.

"Mama, pumzika," nimemwambia.

"Nikipumzika nifanye nini, Mama Benja? Nihesabu kuku?"

Nimemwalika kwenye sala ya jumuiya. Amekataa. Hata getini hafiki. Mtu akibisha hodi, yeye anaingia ndani. Nimesema moyoni kwamba mkwe wangu ana maringo, ametuona sisi wa mjini hatufai.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimepika ya kwanza ya majaribio. Naandika sawasawa.

Pilipili kichaa nimezikausha mpaka zikawa zinalia ndani ya kiganja kama njugu. Pilipili mbuzi nimezibabua kwenye mkaa, ngozi ikaungua. Nikazisaga pamoja na kitunguu swaumu na chumvi. Ukwaju uliolala kwenye maji nikaukamua juu yake. Mwisho nikatia asali nyeusi ya msituni, kutoka Sikonge. Asali ndiyo ufundi wenyewe. Ulimi ukionja unasema, ah, kumbe tamu. Unameza. Kimya. Umeshaanza kuzungumza habari nyingine, ndipo inakuja, tena inaanzia nyuma ya shingo.

Nimemwonjesha Mzee Zablon, jirani yetu, mstaafu wa reli. Yeye ni Mgogo, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita kwao na mizigo kichwani wakigombania maji. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unamtukana, akichukua kuku wako unacheka. Basi Mzee Zablon akaonja, akavua kofia, akageuka kutazama nyuma yake.

"Kuna mtu kasimama hapa," akasema.

"Hakuna mtu, mzee. Ni pilipili."

"Wanyamwezi nyie! Mmeshindwa kutuua njiani, sasa mnatuulia mezani."

Akaomba kipande cha pili cha soseji. Nimejisikia kuruka.

Ijumaa, 4 Oktoba

Anton ameondoka kwenda minada ya Igunga kutafuta ng'ombe wa sikukuu. Sikukuu ni tarehe tatu Novemba, na mwaka huu zamu ni yetu, watu watakula hapa uani kwetu.

Tangu Mzee Zablon ageuke kutazama nyuma, kila anayeonja nami namtazama, na kila mmoja anageuka. Mwalimu wa kwaya amegeuka. Fundi baiskeli amegeuka mara mbili. Hii pilipili inatisha! Kwa nini nisiiuze kwa jina hilo? Nimekwenda kwa Revocatus, mchora mabango wa Mtendeni, nikamwambia nataka lebo: Pilipili ya Kutisha, na chini yake picha ya kitu cha kutisha.

"Kitu gani, dada?"

"Wewe ndiye msanii. Mtu akiiona, moyo umshtuke."

"Hiyo itabamba, dada. Niachie mimi."

Alhamisi, 10 Oktoba

Lebo zimetoka na ni nzuri kupita nilivyowaza. Revocatus amechora kikongwe ameinamia chungu, mvuke umemzunguka, na macho yake mekundu yanakutazama popote unapokwenda. Nilipoiona nimeshtuka, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Kila mtu amecheka. Tumebandika chupa zote, tukazipanga kwenye dirisha la bucha, na mpaka jioni dirisha lilikuwa tupu. Kuna mwanamume amenunua kwa ajili ya picha tu, anasema atamtishia mama mkwe wake.

Nimetembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mama mkwe ameikuta chupa mezani. Ameishika muda mrefu. Ameuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni bibi wa kutisha tu, mama. Mchoro."

"Haya," amesema, akairudisha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Upepo mwingi. Mawingu yamekuja, yameondoka. Mama mkwe ameniomba miwani nyeusi. Nimemtania kwamba anataka kuwa bibi harusi wa Dar es Salaam. Hakucheka. Nimemnunulia.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua hakuna. Nimepika sufuria mbili. Mikono inawaka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo limetokea jambo na sijalielewa vizuri, lakini halijanitoka kifuani.

Magreth wa nyumba ya tatu amekuja kununua pilipili, ameongozana na binti yake mdogo. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anageuza pilipili. Alikuwa amevua miwani ili afute vumbi. Magreth akamwona, akaitazama chupa mkononi mwake, akamtazama tena.

"Kumbe mmemchora huyu huyu!" akasema, akacheka.

Nami nikacheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Halafu kicheko cha Magreth kikakatika chenyewe, akamvuta mtoto nyuma ya kanga yake. Hakumwamkia mama. Amelipa haraka haraka na kuondoka, na nilimwona akigeuka nyuma. Hajaonja hata tone.

Mama mkwe amevaa miwani, akakunja kona ya mkeka, akaingia ndani.

Jumapili, 20 Oktoba

Anton amerudi na ng'ombe wawili. Nilimkimbilia na chupa mkononi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akaipokea, akaiangalia lebo. Sijawahi kumwona mume wangu akibadilika rangi namna ile. Hakupiga kelele, Anton hapigi kelele. Ameniambia tu, "Mama ameiona?"

"Ameiona. Kwani nini?"

Akanipeleka nyuma ya banda la kuku, akaniambia, akiangalia chini muda wote.

Kule Puge, kipindi cha mavuno, watoto wawili wa jirani walifariki kwa homa. Msibani mtu mmoja akasema neno kuhusu macho ya mama. Mtu mmoja tu. Baada ya hapo akifika kisimani wanawake wananyamaza. Akitoa salamu, inarudi nusu. Mwanamke ambaye mama mwenyewe alimzalisha mtoto wa kwanza akaacha kupita mbele ya nyumba ya mama. Kisha yakarushwa mawe juu ya bati. Anton na ndugu yake hawakusubiri jambo la pili. Wakampandisha basi asubuhi na magunia ya pilipili, ili aonekane anakwenda kumtembelea mkwe. Habari ya daktari wa macho ilikuwa ya kunifunga mdomo mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda Puge na mwiko."

Ni kweli, ningekwenda. Hata sasa natamani kwenda. Lakini niende na uso gani? Hakuna mtu wa mkoa huu asiyejua macho mekundu ya kikongwe husemwa nini. Watoto wa shule wanajua. Wamekufa bibi za watu kwa ajili ya macho, mabibi waliopika kwa kuni maisha yao yote. Mimi nimezaliwa mjini, baba yangu alikuwa mtu wa reli, nikajiona mambo hayo ni ya vijijini, sisi huku tunayacheka. Mama wa watu amekimbia kwake kwa ajili ya macho yake, akaja kujificha kwangu, nami nikayabandika kwenye chupa na kuyauza.

Na yale niliyoyaita maringo yalikuwa hofu. Alikuwa anaogopa kufika hata getini kwangu, na mimi namnung'unikia.

Nimeona haya. Nimelia, na safari hii si pilipili.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimelowesha chupa zote zilizobaki kwenye beseni na kubandua lebo kwa kucha. Kisha nimepita nyumba kwa nyumba kuomba zilizouzwa. Wengine wamenirudishia, wengine wamecheka, mmoja amesema ameshaipeleka Kigoma.

Kwa Revocatus nilikwenda na hasira, nikitafuta wa kumlaumu.

"Dada, uliniambia nichore kinachotisha," amesema. "Mimi nimechora kinachotutisha. Bibi yangu mimi mwenyewe alihamishwa kijijini kwa maneno hayo hayo. Nilifikiri tukicheka yataisha."

Yeye ndiye aliyenisaidia kubandua zilizokuwa bucha.

Jioni nimepiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua. Simama, sakafu ina pilipili." Akanishika mkono kuniinua. "Karatasi umebandua, Mama Benja. Maneno utayabandua na nini? Yule mwanamke ameshamficha mtoto. Ndivyo ilivyoanza Puge."

Anataka kwenda Kahama kwa binti yake. Ataondoka baada ya sikukuu.

"Na huko wakianza?"

"Nitahama tena," akasema, kama mtu anayesema atafua kesho.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mawingu mazito. Mvua hakuna. Mama hatoki hata uani. Pilipili nageuza mwenyewe, na sasa naona kazi aliyokuwa akinifanyia.

Jumanne, 29 Oktoba

Anton amesaga nyama, tumejaza soseji, zinaning'inia jikoni. Kazi nzuri, na hakuna aliye na furaha. Nimemwambia tuahirishe, tumpe mtu mwingine zamu. Mama amesikia kupitia ukutani.

"Msiahirishe chochote kwa ajili yangu," amesema. "Wakisikia mmeahirisha, ndiyo watapata la kusema."

Anatushinda wote kwa akili, na mimi mwezi mzima nilimwona mtu wa kuhesabu kuku.

Nimeamua. Pilipili ya sikukuu sitaipika jikoni kwa kujificha. Nitaipika uani, kwenye mafiga, mbele ya watu, chini ya dirisha lake. Sijui itasaidia nini. Nataka tu asikie sauti za watu wa kawaida wakizungumza mambo ya kawaida.

Jumapili, 3 Novemba

Niandike polepole, maana hii nataka niisome nikiwa mzee.

Baada ya misa watu wameanza kuingia. Jumuiya nzima, na majirani. Asmahani muuza vitambaa amekuja na wanawe, Mzee Zablon ameahidi kuchelewa kama kawaida yake. Magreth naye amekuja. Nilitaka kumfukuza, lakini sikukuu si yangu peke yangu. Anton alikuwa kwenye mkaa na soseji, mafuta yanadondoka, harufu imefika mpaka barabarani. Mimi niko kwenye mafiga, sufuria kubwa kupita zote nilizowahi kupika, pilipili zinachemka na ukwaju, asali bado. Dirisha la mama limefungwa, pazia limeshushwa.

Mawingu yalikuwa meusi upande wa mashariki. Sote tulikuwa tunayatazama. Ndipo ukaja upepo ule wa kabla ya mvua, unaokuja bila hodi. Umegeuka mara moja, ukauinua mvuke wote wa sufuria yangu na kuumwaga juu ya wageni.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa anaanza sala ya chakula, akaimalizia kwa kukohoa. Watoto wakapiga kelele. Asmahani akajifunika mtandio, haukusaidia. Anton amedondosha koleo. Hata mimi niliyezoea nilikuwa naona giza. Kila mtu anafikicha macho, na pilipili ukifikicha unaikaribisha ndani. Upepo ulipotulia tukatazamana, kamasi zinatutoka, na hapakuwa na jicho jeupe hata moja katika ua ule.

Ndipo Mzee Zablon akaingia getini. Akasimama. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

"Haya, Wanyamwezi!" akasema kwa sauti ya kuita treni. "Mimi nimealikwa soseji, nakuta kikao cha wachawi! Macho yote mekundu! Mwenyekiti wenu ni nani?"

Neno likatua katikati ya ua. Hakuna aliyecheka. Neno lile tulikuwa tumelizunguka wiki mbili nzima, kila mtu analijua, hakuna anayelitamka, na Mgogo amelisema kama anayetaja bei ya chumvi. Nilishika mwiko kwa nguvu. Nilimwona Magreth ameinamisha kichwa.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akasimama kizingitini na jagi la maziwa mkononi, maana alisikia watoto wakilia. Akatutazama. Akaweka jagi chini. Akavua miwani nyeusi, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga.

"Mwenyekiti ni mimi," akasema. "Na wewe Mgogo umechelewa kikao. Faini."

Mungu wangu! Ua mzima ulipasuka. Mwenyekiti wa jumuiya amecheka mpaka akashika nguzo ya kamba ya nguo. Mzee Zablon amepiga magoti palepale vumbini, akaomba apunguziwe, na mama akakataa.

"Faini yako utapepea moto mpaka watu wote wale. Na hupewi soseji mpaka niseme."

"Mwenyekiti, huruma!"

"Babu zako walituuzia maji kwa bei gani? Pepea!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. Kumbe anayo, tena ya kuamrisha. Akachukua jagi, akapita kwa watu, anawainamisha vichwa na kuwaosha macho kwa maziwa, akiwagombeza wasifikiche. Alipofika kwa Magreth alisimama kidogo. Magreth alikuwa haoni kitu, mtoto amemng'ang'ania.

"Shikamoo, mama," Magreth akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Marahaba. Inua uso. Mlete na mtoto."

Akamlaza mtoto mapajani mwake, akamwosha jicho moja, kisha la pili. Mtoto alipofumbua alimtazama mama machoni kwa karibu sana, akamwambia, "Bibi, na wewe imekuwasha?"

"Mimi iliniwasha zamani, mjukuu wangu."

Nikatia asali, nikakoroga, nikawapakulia. Wakala. Wakageuka kutazama nyuma yao, wote, kama kawaida, wakacheka. Mama amekaa kiti cha mbele, kile chenye mikono, mahali ambapo kila anayeingia lazima amwone, na Mzee Zablon anapepea mkaa huku analalamika. Mvua imetukuta hapo hapo, ya kwanza ya msimu, na hakuna aliyekimbia kwa haraka.

Baadaye nimemuuliza Mzee Zablon kama alijua habari ya mama.

"Mwanangu," amesema, "mimi nilikuja kula soseji."

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Mama amesema Kahama atakwenda Krismasi, kusalimia tu. Nimekaa jikoni nikalia tena kwa furaha. Msimu huu nimelia kuliko wanaokula pilipili yangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Watu wanaulizia pilipili. Wanaiita ya Mwenyekiti. Mama amesema sawa, lakini bila picha.

Jumapili, 10 Novemba

Leo tumekwenda misa ya kwanza kwa miguu, mama na mimi. Kuna njia ya mkato nyuma ya nyumba, lakini yeye ameshika barabara kubwa ya katikati ya Cheyo, yenye watu. Amevaa kitenge kipya na uso wake mtupu, bila miwani. Alikuwa anaamkia watu, nao wanaitikia. Wengine wameitikia vizuri na wengine nusu nusu, na wale wa nusu amewaamkia mara ya pili mpaka wakamaliza.

Mimi nilikuwa nyuma yake nimembebea mkoba. Kila alipotaka kuharakisha kidogo kwa sababu ya matope, nilimwambia, "Taratibu, mama. Tuna muda." Nilitaka wamwone wote.